Mvua ya Saa Tisa: Mazungumzo ya Kabianga Kuhusu Sanaa ya Sauti

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakazi wa Kabianga, eneo la Belgut, Kaunti ya Kericho.



Kila aliyesoma shule ya msingi katika vilima hivi anakijua kipindi kimoja ambacho hakimo kwenye ratiba. Huja baada ya chakula cha mchana, kati ya saa nane na saa kumi. Kwanza darasa linaingia giza kidogo. Mikaratusi iliyo nyuma ya choo inaanza kuvuma. Tone moja linagonga bati, halafu la pili, halafu mwalimu anafungua kinywa na hakuna anayemsikia. Chaki inawekwa chini. Wanafunzi hukaa kimya au hupiga kelele, yote mamoja, mpaka mvua ipungue. Ikiwa ni mvua ya mawe, hata wanaoketi dawati moja hawasikizani, na mzazi aliye nyumbani anasimama mlangoni akilitazama shamba lake la chai likichanwa majani.

Mazungumzo ya leo yanahusu kipindi hicho, na sauti nyingine za mahali hapa, na swali la nani anazihifadhi.

Mahali pengine duniani watu wameyafanya maji yapige muziki. Katika mji wa Zadar, nchini Kroatia, kuna ngazi za mawe zinazoshuka baharini. Chini yake mbunifu wa majengo Nikola Bašić alizika mabomba 35, na kazi ikafunguliwa mwaka 2005. Wimbi likiingia, linasukuma hewa ndani ya bomba, na hewa inatoka juu ikipiga mluzi. Bahari ndiyo mpigaji. Watu huketi pale jioni wakisikiliza, na hakuna wimbo unaorudi mara mbili. Huko San Francisco, Marekani, kuna kinanda cha namna hiyo tangu 1986, kilichojengwa kwa mawe yaliyotolewa kwenye makaburi ya zamani yaliyobomolewa, na kinasikika vizuri zaidi maji yanapojaa. Blackpool, Uingereza, wana chao tangu 2002, chuma kilichopinda kwenda juu karibu mita 15, ambacho hunyamaza maji yakipwa na kuimba yakirudi. Kazi kama hizi ndizo huitwa sanaa ya sauti. Si lazima kuwe na mwimbaji wala maneno. Msanii anatafuta sauti iliyomo ndani ya jiwe, mti, maji au ngozi, kisha anaiweka mahali ambapo mtu ataisikiliza kwa makini, jinsi mtu anavyoitazama picha ukutani.

Watu wa pwani yetu wangeelewa jambo hili upesi. Mvuvi wa Lamu au Mombasa hapangi kazi kwa saa ya ukutani. Anapanga kwa maji kujaa na kupwa, na anajua siku za bamvua na siku za maji mafu. Maji hayo hufuata mwezi, kwa hivyo kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana.

Kericho haina bahari. Hata hivyo ina maji yanayokwenda na kurudi kila siku, tofauti ni kwamba yanapita angani. Asubuhi jua linapasha nchi kavu joto haraka kuliko Ziwa Victoria. Hewa iliyo juu ya nchi kavu inapanda, na hewa yenye unyevu ya ziwani inavutwa kuja kushika nafasi yake. Ziwa liko kwenye kimo cha mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kericho uko karibu mita 2,000, kwa hiyo hewa hiyo haina budi kupanda mlima. Ikifika huku juu inakutana na pepo zinazotoka mashariki kuvuka Mau. Zikisukumana, hakuna njia ila juu, na mawingu makubwa meusi yanajengeka kuanzia saa sita. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, hewa ya vilimani inateremka kuelekea ziwani, na ngurumo zinahamia huko. Ndiyo maana mvuvi wa Homa Bay huwa na hofu ya radi kuelekea alfajiri, saa ambazo mchumaji wa Kabianga anatoka nyumbani chini ya anga safi. Maji haya hayafuati mwezi, yanafuata jua, na kwa sababu hiyo hayachelewi kama ya Mombasa. Mtu asiye na saa hapa Kabianga anaweza kukosea kwa saa moja au mbili, si zaidi.

Wazee waliotangulia walilijua jambo la saa vizuri kiasi cha kuwapa watoto majina yake. Chepkoech alizaliwa kukipambazuka. Kibet na Chebet ni wa mchana. Kiprotich na Cherotich walikuja ng'ombe wakirejea nyumbani, Kiplangat na Chelangat jioni, Kipkemoi na Chepkemoi usiku. Na Kiprop na Cherop, hao mvua iliwapokea. Ukisoma daftari la mahudhurio la shule yoyote ya hapa, unakuwa umesoma mzunguko mzima wa siku na hali ya hewa yake. Wakazi wengi wameyazoea majina haya mpaka hawayasikii tena, kama vile mtu anayekaa karibu na maporomoko hasikii maji.

Mvua hii ya saa tisa si ya kuchezewa. Maeneo ya Kericho na Nandi yanatajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Katika miaka ya 1960 mashamba ya chai yalirushiwa angani maroketi ya baruti kwa matumaini ya kuyavunja mawe kabla hayajaanguka. Baadaye zikaja ndege zilizonyunyiza iodidi ya fedha mawinguni, kazi iliyoendelea kwa miaka kadhaa. Wazee walio na umri wa miaka sabini na zaidi wanaweza kuwa bado wanaikumbuka milio ile ya juu. Hiyo nayo ni sauti ya Kericho, na pengine hakuna aliyeirekodi.

Sasa kuna chombo kimoja cha hapa kinachoifuata mvua hii kwa mwili wake wenyewe, nacho ni chepkong. Ni zeze la nyuzi sita, ndugu wa nyatiti ya Waluo na obokano ya Abagusii, ambazo zina nyuzi nane. Chepkong ina tumbo lililofunikwa ngozi, mikono miwili inayotoka tumboni, na mti unaolala juu ya mikono hiyo ambako nyuzi zimezungushwa. Zamani nyuzi zilitoka kwa mnyama. Hakuna sehemu ya chombo iliyotoka kiwandani, na ndiyo maana hakitulii. Ngozi hunywa unyevu wa hewa. Asubuhi kavu inakaza, na mlio unakuwa wa juu na mkavu. Mvua ikikaribia, ngozi inalegea na sauti inashuka, inakuwa nzito, ya kukwaruza kidogo. Mpigaji anarudi kwenye moto au anakianika chombo chake juani, anazungusha nyuzi, anajaribu tena. Wageni hudhani anapoteza muda. Kumbe anapatanisha chombo na siku. Katika Zadar ilibidi kuzika mabomba chini ya ngazi ili maji yabadilishe muziki. Hapa kazi hiyo ilifanywa na kipande cha ngozi.

Na kuna chepkong moja iliyosikika mbali kuliko zote. Hadithi yake inastahili kuelezwa kwa utulivu, maana ndiyo inayobeba uzito wa mazungumzo haya.

Mwaka 1950 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyekuwa akiishi kusini mwa Afrika na kuzunguka bara hili akirekodi muziki, alifika Kapkatet, mwendo mfupi kutoka hapa kwa gari. Alikuwa na mitambo yake ya kurekodi. Watu wa Kipsigis walimpigia na kumwimbia nyimbo nyingi, na miongoni mwake zilikuwamo kadhaa zilizobeba jina moja, Chemirocha. Jina hilo lilikuwa limetoka Marekani. Jimmie Rodgers, mwimbaji wa huko aliyekufa mwaka 1933 baada ya kuugua kifua kikuu, alikuwa ameacha santuri nyingi, na baadhi zilifika hata katika nchi hii na kuchezwa kwa gramafoni. Watu wa hapa walilisikia jina la Jimmie Rodgers, wakalitamka kwa ulimi wao, na kwa sababu majina mengi ya hapa huanza na Che, likakaa vizuri mdomoni kama jina la mwenyeji: Chemirocha.

Wimbo unaojulikana zaidi ni ule wa tatu, ulioimbwa na Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake huku chepkong ikipigwa. Kwa maelezo aliyoyaacha Tracey, wasichana wale walimwona Chemirocha kuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu swara, na wakamtaka acheze ngoma kwa nguvu hadi aruke akatoke ndani ya nguo zake. Sauti ya mtu aliyefungwa ndani ya sahani nyeusi, isiyo na uso, wao waliipa miguu ya mnyama. Ni vigumu kupata mfano bora kuliko huo wa watu kuipokea sauti ngeni na kuifanya yao, wala hawakuhitaji warsha wala ufadhili.

Tracey aliondoka na rekodi. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ILAM, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na rekodi za Kapkatet zikahifadhiwa humo. Zilitolewa katika santuri, zikasikilizwa Ulaya na Marekani, na Chemirocha ikawa mojawapo ya rekodi zake zinazopendwa zaidi. Wakati huo huo, katika vilima hivi hivi zilikotoka, watoto walizaliwa, wakakua, wakaoa na kuolewa bila kuzisikia. Takriban miaka 65 ilipita kabla ILAM, pamoja na shirika la Ketebul Music la Nairobi na mradi wa Singing Wells, kuzirudisha rekodi hizo hapa na kuwatafuta waliokuwa bado hai. Baadhi walipatikana. Mtu aliyeimba akiwa kijana aliisikia sauti yake mwenyewe akiwa mzee wa miaka themanini na zaidi.

Haki itendeke kwa Tracey pia. Bila yeye, kusingekuwa na cha kurudisha. Alirekodi wakati ambapo wengi wa wazungu wenzake waliuita muziki huu kelele, na aliandika jina la mahali na la mwimbaji mkuu, jambo ambalo wengine hawakulifanya. Lakini itazameni lebo ya rekodi hiyo mara ya pili. Jina moja limeandikwa, la Chemutoi Ketienya. Walioimba naye wameandikwa kuwa wasichana wa Kipsigis, basi. Kila mmoja wao alikuwa na jina, na kwa desturi ya hapa jina hilo lingetuambia hata saa aliyozaliwa. Limepotea kwa sababu ya dakika mbili ambazo mtu hakuzitumia kuuliza. Bibi fulani wa Bureti au Belgut aliimba katika rekodi inayosikilizwa dunia nzima, na wajukuu wake huenda hawajui.

Kwa hivyo mkulima anayeuliza sanaa ya sauti itamsaidia nini ana haki ya kuuliza, na jibu halianzii kwenye sanaa. Linaanzia kwenye jina, idhini na malipo.

Sheria imeshabadilika tangu 1950. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2016, ile ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni. Inasema kwamba anayetaka kutumia maarifa au nyimbo za jamii lazima kwanza apate idhini ya jamii hiyo baada ya kuieleza wazi anataka nini. Inazipa pia serikali za kaunti jukumu la kuwa na daftari la maarifa na sanaa za jadi zilizokusanywa katika eneo lao. Na Jedwali la Nne la Katiba linaweka shughuli za kitamaduni, maktaba na makumbusho miongoni mwa kazi za kaunti. Yaani swali la chepkong si la Nairobi, liko mlangoni hapa. Daftari halijai lenyewe. Linajazwa na wananchi wanaokuja kusema: mzee fulani wa kijiji chetu anajua kuunda chombo hiki, anakitengeneza hivi, nyimbo zake ni hizi, na amekubali ziandikwe. Afisa anayekaa ofisini hawezi kujua ni nyumba gani ina chepkong iliyotundikwa juu ya jiko.

Ni muhimu kutaja pia yasiyopaswa kuingia katika daftari lolote wala simu yoyote. Kuna sauti za tumdo, sauti za ndani ya menjo, ambazo hazikukusudiwa masikio ya kila mtu. Kijana aliyezipitia anazijua, na anajua pia kwamba hazitolewi nje. Sheria ya kulinda haimlazimishi mtu kufichua. Mtafiti akija na kipaza sauti chake na kuanza kuuliza upande huo, jibu la heshima ni kumkaribisha chai.

Vijana huenda wakaona kwamba haya yote ni ya wazee. Basi wamsikilize Joseph Kamaru, msanii wa Nairobi anayejulikana kwa jina la KMRU, aliyezaliwa 1997. Ni mjukuu wa Joseph Kamaru mwingine, yule mwimbaji mkubwa wa Kikuyu aliyefariki 2018. Mjukuu haimbi. Anatembea na kinasa sauti, anarekodi barabara, mvua, ndege, nyaya za umeme zinazonguruma, kisha anazifuma kwenye kompyuta ziwe kazi ndefu za kusikiliza. Albamu yake ya 2020, Peel, ilimfungulia milango Ulaya. Mwaka 2022 alitoa nyingine, Temporary Stored, iliyotokana na sauti za Afrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Alikuwa akiuliza swali lile lile la Kapkatet: sauti iliyochukuliwa na kufungiwa kabatini mbali na wenyewe, je, bado ni ya nani? Kijana huyu amejijengea jina na riziki kwa kusikiliza tu, na vifaa alivyoanza navyo havikuwa vya ajabu.

Kabianga ina zaidi ya hivyo. Ina chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2013, chenye wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi wanaoshangazwa na mvua ambayo wenyeji wameizoea. Ina mabati ya kila umri, mapya yanayolia kwa ukali na yaliyoshika kutu yanayotoa mlio mfupi. Ina mapipa, mitungi, sufuria zilizotoboka, mianzi, vibuyu, mifereji ya paa. Wanafunzi wakipanga vyombo hivyo chini ya ukingo wa paa, kila kimoja na kimo chake cha maji, watakuwa na kinanda chao kinachopigwa saa tisa, bila tiketi ya kwenda Kroatia. Maji yakijaa mtungi, sauti yake inabadilika. Mvua ikiwa ya kutoka magharibi, upande mmoja unaanza kabla ya mwingine. Mvua kubwa itapiga wimbo tofauti na manyunyu. Jambo hilo linaweza kufanywa na darasa la saba kwa mchana mmoja, na mwalimu wa sayansi akafundisha humo humo jinsi mlio unavyotegemea kiasi cha hewa iliyobaki ndani ya chombo. Walau kipindi kile kisicho kwenye ratiba kitakuwa na kazi.

Kuna sauti nyingine ya asubuhi inayohitaji kurekodiwa upesi. Ni sauti ya kuchuma chai kwa mkono. Majani mawili na kichipukizi yanakatika kwa mlio mdogo, mkavu, na shamba lenye wachumaji ishirini linasikika kama moto mdogo wa vijiti unaowaka pole pole, ukichanganyika na porojo, vicheko, na nyimbo za kanisani. Chai ilianza kupandwa kwa biashara kubwa Kericho katika miaka ya 1920, kwa hiyo sauti hii ina umri wa karibu miaka mia moja. Katika mashamba makubwa sasa kuna mashine, ambazo mlio wake haumruhusu mtu kuzungumza na jirani yake. Kila mmoja hapa anajua uchungu ulioletwa na suala hilo, na kwamba Mei 2023 hasira ilifika hadi mashine zikachomwa. Mazungumzo haya hayawezi kumaliza mgogoro wa ajira, na si mahali pake. Lakini mtoto wa mchumaji akiweka simu yake pembeni mwa shamba la familia kwa nusu saa, sauti ya kazi iliyomlisha mama yake na nyanya yake itabaki, hata kama mkono wenyewe utaondolewa kazini.

Kurekodi si kugumu, ila kuna makosa machache yanayoharibu kazi ya watu wengi. Upepo ndio adui wa kwanza. Simu ikipigwa na upepo inanasa mngurumo mtupu, kwa hivyo ifunikwe soksi safi ya sufi na iwekwe mahali penye kinga, kwa mfano chini ya ukingo wa paa. Isishikwe mkononi, iwekwe juu ya kitu laini. Kabla ya chochote, anayerekodi aseme kwa sauti yake tarehe, saa, kijiji, na majina ya wote watakaosikika, kila mmoja, hata watoto. Kisha awaulize kama wamekubali na majibu yao yanaswe pia. Hapo ndipo kosa la 1950 linarekebishwa, katika sekunde thelathini za mwanzo. Nakala moja haitoshi, maana simu huibiwa na hutumbukia majini. Iwepo ya pili kwa mtu mwingine au kwenye kompyuta ya shule.

Anayetaka kufanya kazi yenye uzito zaidi achague mahali pamoja na arudi hapo saa ile ile kila siku kwa mwaka mzima. Dakika tano zinatosha. Mwisho wa mwaka atakuwa na kitu ambacho hata Tracey hakuwa nacho: jinsi mvua inavyochelewa Januari na kukaza Aprili, siku mawe yalipoanguka na yalichukua dakika ngapi, ndege gani walinyamaza kabla ya ngurumo. Mkulima naye atakuwa na kumbukumbu ya tarehe, ambayo kwa kawaida hubishaniwa miezi miwili baadaye wakati mavuno yamepungua na kila mtu anakumbuka siku yake.

Wapigaji wa chepkong waliobaki wengi wao ni wazee. Walio na mzee wa namna hiyo nyumbani wameombwa wabaki baada ya kikao, ili majina yaandikwe na ipangwe siku ya kuwatembelea, kwa ruhusa yao na kwa saa watakayoichagua wenyewe. Bila shaka wengi watachagua asubuhi, ngozi ikiwa bado imekaza. Anayekuja aje na majani ya chai na sukari, asiende mikono mitupu kwa mzee.

Chepkong iliyo mezani hapa ilipatanishwa saa nne asubuhi. Sasa ni saa nane na robo na wingu limeshafika juu ya kilima. Mzee aliyeileta amekubali kuipiga mara mbili, mara moja sasa, na mara ya pili mvua ikishaanza, bila kugusa nyuzi katikati. Maswali yatachukuliwa baina ya hizo mbili, kwa sauti kubwa tafadhali, kwa sababu paa hili ni la mabati.